Mapinduzi ya Ufaransa: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Ikikaribia Julai 14 kila mwaka, simu yangu hujaa maswali kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa. Wapo wanafunzi wenye mtihani, wapo wazazi wanaosaidia watoto, na wapo watu wazima wawili watatu walioshindwa kumaliza ubishi barazani. Nimeyakusanya yanayojirudia. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja kwa sababu hayastahili zaidi, mengine nimeyakalia kitako.

Yalianza lini, yakaisha lini?

Kwa hesabu ya kawaida yalianza Mei 5, 1789, Mkutano wa Matabaka (wajumbe wa makasisi, makabaila na watu wa kawaida) ulipofunguliwa Versailles, penye kasri la mfalme, yakaisha Novemba 9, 1799, Napoleon Bonaparte alipotwaa madaraka. Mimi huwaambia wanafunzi waanzie 1774, pale Louis XVI aliporithi kiti akiwa na umri wa miaka 19, na pamoja na kiti akarithi deni.

Chanzo chake ni njaa, ni wanafalsafa, au ni nini?

Ni daftari la hesabu. Wanafalsafa walisomwa, sikatai, na njaa ilikuwepo. Lakini Ufaransa ilishapitia njaa kali zaidi, kama ile ya 1709, na mfalme hakuanguka. Kipya safari hii ni kwamba serikali yenyewe ilikuwa haina kitu.

Makadirio ya hazina ya mwaka 1788 yalionyesha mapato ya livre, fedha ya Ufaransa ya wakati ule, milioni 503 na matumizi ya livre milioni 629. Katika matumizi hayo, milioni 318 zilikwenda kwenye madeni na riba. Nusu nzima! Kasri la mfalme, pamoja na malkia na vito vyake vyote vinavyosimuliwa, halikula hata sehemu moja kwa kumi. Kwa hiyo anayesema Ufaransa ilifilisiwa na magauni ya Marie Antoinette hajafungua daftari.

Deni lenyewe lilitoka vitani. Kuanzia 1778 Ufaransa iliwasaidia Wamarekani waziwazi kupigana na Uingereza, kwa meli, askari, bunduki na fedha, na gharama ikapita livre bilioni moja, karibu yote ya mkopo. Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Hapa arusi ilikuwa ya Wamarekani, matanga akabaki nayo Louis.

Si angepandisha kodi tu?

Angemtoza nani? Waliokuwa na mali walikuwa na msamaha. Kanisa lilimiliki labda sehemu moja ya kumi ya ardhi yote, na badala ya kodi lilitoa "zawadi" kwa mfalme, kiasi walichopanga makasisi wenyewe. Makabaila hawakulipa kodi kuu ya nchi, iliyoitwa taille, isipokuwa sehemu chache za kusini, na kodi mpya zilizowagusa walijua namna ya kuzipunguza. Tajiri wa mjini naye alinunua cheo chenye ukabaila ndani yake ili watoto wake watoke kwenye orodha. Mzigo ukabaki kwa mkulima, ambaye zaidi ya taille alilipa zaka kwa kanisa, malipo kwa bwana wa shamba, na alifanya shokoa ya barabara bila ujira.

Halafu kodi nyingine hazikukusanywa na serikali. Zilikodishwa kwa kampuni ya matajiri waliomlipa mfalme mapema, kisha wakajirudishia kwa faida, mtindo ambao watu wa Unguja wataukumbuka kwa namna forodha ya Sultani ilivyokodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi karne iliyofuata. Mwanakemia Lavoisier alikuwa mmoja wa wakodishaji hao wa Ufaransa, na ndicho kilichompeleka kwenye gilotini, mashine ya kukata vichwa, mwaka 1794, si kemia.

Kodi iliyochukiwa kuliko zote ilikuwa ya chumvi. Katika mikoa ya kaskazini na kati, kila kaya ililazimishwa kununua kiasi maalumu cha chumvi kwa bei ya serikali, uwe unaihitaji au huihitaji. Mkoa wa Bretagne, ambao chumvi inaanikwa pwani yake, ulisamehewa. Basi mtu akivuka mpaka wa Bretagne na mfuko mmoja mgongoni, bei ilipanda mara nyingi kwa mwendo wa saa moja. Magendo yakawa kazi ya familia nzima, na mbwa pia. Walifugwa upande mmoja wa mpaka, wakapelekwa upande wa pili, wakafungwa vifurushi vya chumvi na kuachiwa usiku warudi nyumbani wenyewe.

Kwani hakuna aliyejaribu kufanya mageuzi kwa amani?

Walijaribu, na si mara moja. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu vitabu vingi vya shule vinaruka kutoka "mfalme dhalimu" hadi "wananchi wakaasi", na katikati pana miaka 15 ya mawaziri waliokuja na dawa wakafukuzwa mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza ni Turgot, 1774. Aliruhusu biashara huria ya nafaka, mavuno yakawa mabaya, bei ikapanda, na kufikia masika ya 1775 watu walikuwa wakivamia masoko na maghala ya unga. Hakurudi nyuma. Mwaka 1776 akataka kufuta shokoa na badala yake kila mwenye ardhi, kabaila kwa mkulima, alipe kodi ya barabara. Mahakama Kuu ya Paris, iliyojaa makabaila na ambayo ndiyo iliyosajili amri za mfalme, ikapinga: kumtoza kabaila kodi ya barabara ni kumfananisha na mtu wa kawaida, na taifa litabaki halina heshima. Mei mwaka huohuo Turgot akafutwa kazi.

Akafuata Necker, mwenye benki kutoka Geneva. Alikuwa hodari wa kukopa. Mwaka 1781 alifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa: alichapisha hesabu za serikali watu wakazisoma. Zikauzwa kama maandazi ya asubuhi. Zilionyesha ziada ya livre milioni 10. Tatizo ni kwamba gharama za vita hakuziweka humo. Ni sawa na mwenye duka anayekuonyesha mauzo ya siku huku daftari la madeni amelikalia. Wananchi walimwamini kabisa, na kila waziri aliyekuja baadaye na habari mbaya aliulizwa: mbona Necker alisema kuna ziada?

Aliyeulizwa hivyo ni Calonne. Agosti 1786 alimwambia mfalme ukweli wote na kumpa mpango: kodi moja ya ardhi, bila msamaha kwa yeyote, pamoja na mabaraza ya mikoa. Kwa kujua Mahakama Kuu itakataa, mfalme aliwaita waheshimiwa 144 aliowachagua mwenyewe, Februari 1787, wauidhinishe. Hawakuuidhinisha. Walidai kuona hesabu kwanza. Ukiniuliza mimi, hawakukosea kudai hesabu. Walichokosea ni kudhani wakimwangusha Calonne mambo yatabaki kama zamani. Aprili akafukuzwa.

Brienne, askofu mkuu aliyekuwa miongoni mwa waliompinga, akapewa kiti chake, akafungua daftari, akajikuta anapendekeza karibu mambo yaleyale. Mahakama Kuu ikamjibu kwamba kodi mpya inaweza kukubaliwa na Mkutano wa Matabaka peke yake, chombo ambacho hakikuitishwa tangu 1614. Agosti 1788 Mkutano ukaitishwa, na hazina ikasitisha sehemu ya malipo yake. Brienne akaondoka, Necker akarudishwa.

Kwa hiyo mlango wa mapinduzi ulifunguliwa na makabaila wenyewe, waliokataa kulipa. Mkulima aliingia mlango ukiwa wazi tayari.

Na mkate unaingia wapi?

Julai 13, 1788, mvua ya mawe ilipiga mashamba ya ngano kwenye ukanda mrefu wa Ufaransa, wiki chache kabla ya mavuno. Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa makali, mito ikaganda, vinu vya maji vikashindwa kusaga. Mkate wa kawaida wa Paris, wa ratili nne, uliouzwa takriban sou 8 (sarafu ndogo, 20 kwa livre moja), ulifika sou 14 na nusu Februari 1789. Kibarua wa Paris alipata sou 20 hadi 30 kwa siku. Mwenye mke na watoto alihitaji karibu mkate mmoja kama huo kila siku. Piga hesabu mwenyewe, halafu ongeza kuni na pango.

"Madaftari ya malalamiko" ni kitu gani?

Kabla ya wajumbe kwenda Versailles, kila parokia iliambiwa iandike shida zake. Yakaandikwa makumi ya maelfu ya madaftari, mengi yakiandikwa kanisani baada ya misa, karani au wakili wa kijiji akishika kalamu na wengine wakisema. Nadhani hakuna serikali ya zama zile iliyowahi kuwauliza watu wake swali kubwa namna hiyo.

Ukiyasoma hukuti mtu anayedai jamhuri. Mfalme anaitwa baba. Unakuta chumvi, unakuta ushuru wa kinu cha bwana, na unakuta njiwa. Bwana wa shamba alikuwa na haki ya kufuga njiwa kwenye mnara wake, mkulima hakuruhusiwa kuwagusa, na njiwa walishuka kula mbegu aliyoipanda asubuhi. Bunge la Taifa, lililozaliwa na Mkutano wa Matabaka, lilipofuta haki za kikabaila Agosti 1789, kifungu cha kwanza kilitangaza kuangushwa kwa mfumo wote wa ukabaila. Kifungu cha pili kilihusu njiwa.

Bastille, ngome ya gereza ya Paris, ilikuwa na wafungwa wangapi ilipovamiwa?

Saba. Wanne walioghushi hati, wawili wenye maradhi ya akili, na kabaila mmoja aliyefungwa kwa ombi la jamaa zake.

Watu hawakwenda kuwafungua. Julai 11 mfalme alimfukuza Necker, huku majeshi yakiuzunguka mji, na Paris ikaamini kwamba Bunge la Taifa, lililojitangaza Juni 17, litavunjwa kwa nguvu. Asubuhi ya Julai 14 walichukua maelfu ya bunduki kutoka Invalides, makao ya askari wazee, lakini baruti ilikuwa Bastille. Walikufa karibu washambuliaji mia moja. Siku hiyo Louis aliandika kwenye shajara yake neno moja: "Hakuna." Watu humcheka kwa hilo, ila shajara yenyewe ilikuwa ya mawindo.

Malkia alisema kweli "kama hawana mkate, wale keki"?

Hapana. Hadithi hiyo ya binti mfalme asiyejua njaa ilikuwa imeshaandikwa wakati Marie Antoinette angali mtoto kwao Austria.

Tamko la Haki za Binadamu lilimhusu kila mtu?

Kwa maneno, ndiyo. Tamko la Agosti 26, 1789 lina vifungu 17, na cha kwanza kinasema watu huzaliwa na kubaki huru na wenye haki sawa. Kwa vitendo, Katiba ya 1791 iliwagawa wanaume wenyewe kwa wenyewe: aliyelipa kodi yenye thamani ya ujira wa siku tatu alipiga kura, asiyefikisha hakupiga. Ya wanawake hayakutajwa.

Na wanawake ndio waliomtoa mfalme Versailles. Oktoba 5, 1789 maelfu yao, wengi wachuuzi wa sokoni, walitembea kilomita 20 hivi kwenye mvua kutoka Paris kudai mkate, na kesho yake wakarudi na familia nzima ya kifalme. Mwaka 1791 Olympe de Gouges akaandika tamko la haki za mwanamke, akisema kama mwanamke ana haki ya kupanda jukwaa la kunyongewa, basi awe na haki ya kupanda jukwaa la kuhutubia. Novemba 1793 akapandishwa lile la kwanza.

Kwa nini yaligeuka umwagaji damu?

Wengine watakwambia ilikuwa imeandikwa tangu siku ya kwanza. Siamini. Mwaka mzima wa 1790 Ufaransa ilikuwa tulivu kiasi cha watu kudhani mapinduzi yamekwisha. Mambo mawili yaliharibu.

La kwanza ni imani. Ili kulipa deni (deni lilelile), Bunge lilitaifisha mali ya Kanisa Novemba 1789, kisha likawafanya mapadri watumishi wa serikali na kuwataka waape. Karibu nusu wakakataa. Padri wa kijijini ndiye aliyekubatiza na atakayekuzika. Ukimwambia mkulima kwamba padri wake ni msaliti, umemlazimisha achague. Vendée, magharibi, walimchagua padri, na vita vyao na jamhuri viliua watu wengi kuliko gilotini zote za Ufaransa.

La pili ni Juni 1791, mfalme alipotoroka usiku na familia yake akiwa amejigeuza mtumishi, akakamatwa Varennes, karibu na mpaka. Aliacha barua inayoyakana yote aliyoyatia saini. Nani angemwamini tena? Aprili 1792 Ufaransa ikatangaza vita dhidi ya Austria, vita vikaenda vibaya, na kila kushindwa kukatafutiwa msaliti ndani ya nyumba. Agosti 10 kasri la mfalme jijini Paris likavamiwa, Septemba jamhuri ikatangazwa, Januari 21, 1793 Louis akakatwa kichwa.

Katika Utawala wa Hofu, 1793 hadi 1794, waliohukumiwa kifo rasmi walifikia karibu 17,000, bila kuhesabu waliouawa kiholela au kufia gerezani. Robespierre, ambaye jina lake limeshikamana na kipindi hicho, Mei 1791 alisimama bungeni kutaka adhabu ya kifo ifutwe, na alipinga vita wakati wengi wakivishangilia. Alikatwa kichwa Julai 28, 1794.

Gilotini ilimuua aliyeibuni?

La. Daktari Guillotin alipendekeza tu kifo cha haraka kilicho sawa kwa tajiri na maskini, na alikufa kitandani mwaka 1814. Mashine ya kwanza iliundwa na fundi wa vinanda, Mjerumani aitwaye Tobias Schmidt.

Vipi watumwa wa makoloni? Nao walikuwa "watu"?

Hapa ndipo maneno yalipopimwa. Saint-Domingue, Haiti ya leo, ilikuwa na watumwa karibu 500,000 waliolima sukari na kahawa, na utajiri wa bandari za Ufaransa ulitegemea jasho lao. Bunge lililoandika haki za binadamu halikuwagusa. Agosti 1791 wakajigusa wenyewe: mashamba ya kaskazini yakateketea, na katika vita vilivyofuata akapanda Toussaint Louverture, aliyekuwa mtumwa. Agosti 1793 mjumbe wa jamhuri huko, Sonthonax, akitishiwa na Wahispania na Waingereza, alitangaza uhuru kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kupata askari. Februari 4, 1794 Bunge la Paris likaupanua kwa makoloni yote. Miongoni mwa wajumbe waliokuwemo ukumbini ni Jean-Baptiste Belley, mzaliwa wa Senegal aliyeuzwa utotoni na baadaye kujinunua uhuru. Napoleon aliurudisha utumwa mwaka 1802. Haiti ikajibu kwa kujitangazia uhuru Januari 1, 1804.

Na sisi tumo. Septemba 1776, miezi miwili baada ya Wamarekani kutangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa: apewe watumwa 1,000 kila mwaka, piasta 20 kwa kila kichwa, na piasta 2 za Sultani juu yake. Walipelekwa hasa Île de France, Morisi ya leo, kulima mashamba ya walowezi, na wengine kutoka pwani ya Afrika Mashariki walizungushwa Rasi ya Tumaini Jema hadi Saint-Domingue yenyewe. Sultani aliona biashara, Morice aliona faida, na mtu wa bara aliyefikishwa Kilwa Kisiwani kwa minyororo hakuulizwa na yeyote.

Amri ya 1794 ilipofika Île de France, mwaka 1796, ikiletwa na wajumbe wawili, Baco na Burnel, walowezi waliwapandisha tena melini ndani ya siku chache. Utumwa ukaendelea pale kana kwamba Paris haikusema neno.

Kuna mwanamapinduzi aliyewahi kufika maeneo yetu?

Wapo, na hawakuja kwa hiari. Desemba 24, 1800 bomu lililotegwa kwenye mkokoteni lilimkosa Napoleon jijini Paris. Waliolitega walikuwa wafuasi wa mfalme, lakini Napoleon aliitumia nafasi hiyo kuwaondoa wanamapinduzi wa zamani. Takriban 70 wakapelekwa uhamishoni Shelisheli mwaka 1801. Walowezi wa Mahé wakaingiwa na hofu kwamba watu hawa watawatia watumwa maneno ya uhuru, wakashinikiza waondolewe. Mwaka 1802, 33 kati yao walishushwa Nzwani, katika visiwa vya Ngazija.

Mmoja alikuwa Jean Antoine Rossignol, kijana wa Paris aliyefanya kazi ya usonara, akawa miongoni mwa walioivamia Bastille, akapanda hadi ujenerali katika vita vya Vendée. Alikuwa na miaka 42. Yeye na wengi wa wenzake walikufa Nzwani wiki chache tu baada ya kushushwa.